Naam ya Mzee Kasanda

Mzee Kasanda alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na mashine iliyosimama kando ya kitanda chake ilikuwa ikimwuliza kwa upole kama anataka kuongezewa dawa ya maumivu.

"Unahitaji dawa zaidi, Mzee Kasanda?"

"Naam," akasema mzee bila kufumbua macho.

Taa ya kijani ikawaka. Pampu iliyokuwa tumboni mwa mashine ikanguruma kidogo, na mofini ikateremka kwenye mrija ulioingia mkononi mwake.

Matroni Nyamizi Kasubi alikuwa akipita wodini na wauguzi wa zamu ya asubuhi. Alisimama. Hakuna kilichomsimamisha ila sauti ya mzee, ambayo ilitoka nzito kama ya mtu aliye chini ya kisima. Akaenda kitandani, akaweka kiganja juu ya kifua chake. Kifua kilipanda, kikashuka. Akangoja. Akangoja zaidi ya inavyompasa muuguzi kungoja, ndipo kikapanda tena.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa shwari. Oksijeni katika damu ya mzee ilikuwa nzuri, kwa kuwa alikuwa amewekewa mrija wa oksijeni puani tangu atoke kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Wasiojua huridhika hapo. Lakini mtu anayepewa oksijeni anaweza kuonyesha namba nzuri kidoleni huku pumzi zake zinakatika, maana hewa safi inamwingia na ile chafu haitoki. Mofini humlaza mtu kwanza, kisha humsahaulisha kupumua. Ndiyo maana mgonjwa wa mofini haachiwi skrini imtazame. Huitwa, huamshwa, na pumzi zake huhesabiwa na mtu mwenye macho.

Nyamizi alimfunua kope. Mboni zilikuwa zimenywea kama tundu la sindano.

"Mzee Kasanda," akamwita, akimtikisa bega.

"Naam," akajibu mzee, na neno halijamtoka lote alikuwa amekwisha kuzama tena.

Matroni aliubana mrija kwa vidole, akauchomoa kwenye mashine, akaagiza naloksoni. Mashine ilisema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba amezuia dawa iliyokubaliwa na mgonjwa na kwamba tukio limeripotiwa. Akapokea sindano. Naloksoni ni dawa inayoing'oa mofini pale inapokalia, nayo ukimpiga mtu yote kwa pamoja unamrudishia maumivu yake yote kwa pamoja. Kwa hiyo aliisukuma kidogo kidogo, macho yake yako kifuani pa mzee, hadi kifua kile kikaanza kwenda kama kifua cha mtu aliye hai.

Mzee Kasanda alifumbua macho, akawatazama wauguzi waliomzunguka, akauliza ni nani aliyekuwa akimtikisa kama gunia la karanga. Mmoja wa wauguzi alicheka huku anafuta machozi. Matroni hakucheka. Alikuwa akiitazama mashine.

*

Mashine hizo zilikuwa zikiitwa Msikivu, na kila hospitali ya nchi ilikuwa nazo, hata hii ya Msufini, pembeni mwa mji wa Tabora. Zilikuwa na sababu ya kuletwa. Zamani mgonjwa aliyelia usiku kucha aliambiwa avumilie, kwamba yeye si wa kwanza kuumwa. Wapo waliokufa wakiuma mashuka huku funguo za kabati la dawa ziko mfukoni mwa mtu aliyelala. Nyamizi mwenyewe aliyaona hayo alipokuwa mwanafunzi, naye hakuwatetea waliofanya hivyo.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Sauti ya Mgonjwa. Mashine ingemwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili safi na kwa heshima, na sauti yake ndiyo ingekuwa sahihi yake. Kikomo cha dawa kilikuwepo, lakini kilipanda kila mgonjwa alipozidi kukubali, kwa hoja kwamba anayekubali tena na tena ndiye anayeumia zaidi. Muuguzi aliyeingilia kati alihesabiwa kuwa amemnyima mgonjwa haki yake, na angeweza kufutiwa leseni.

Wodi zilitulia. Watu wakasema nchi imestaarabika. Na mzee mmoja mmoja alipokutwa asubuhi amepoa kitandani, Mamlaka ya Sauti, iliyosimamia mashine hizo, ilifungua ghala lake la sauti, ikasikiliza, ikawaambia watoto wa marehemu kwamba baba yao aliomba mwenyewe. Mtu atabisha nini na sauti ya baba yake?

Barua ya kumwita matroni mbele ya baraza la Mamlaka ilifika kabla nyuzi za nyonga ya Mzee Kasanda hazijatolewa.

*

Mhandisi Lwiza alitangulia kuja yeye. Alikuwa mmoja wa watu waliolifundisha sikio la Msikivu lugha ya Kiswahili, mtu wa makamo, mnyenyekevu wa sura, na alifunga mlango wa ofisi ya matroni nyuma yake bila kuombwa.

Nyamizi alidhani itambidi amweleze. Alikuwa amejiandaa kumwambia kwamba mwanamume aliyelelewa akiitwa jina lake husema "naam", na maana yake ni kwamba amesikia, kwamba yupo, kwamba anayemwita aendelee. Kwamba mashine hutaja jina la mzee mwishoni mwa swali, kwa heshima, na mzee aliyelewa mofini halisikii swali, hulisikia jina. Kwamba kuitika ni jambo la mwisho kumtoka mtu wa namna ile. Hata akili ikishazimika ulimi utaitika, kwa sababu alifundishwa angali mdogo kwamba mtu akikuita hunyamazi.

Lwiza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba analijua hilo.

"Unalijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Matroni. Tulijiuliza kwa nini wanaozidiwa ni wanaume peke yao. Wanawake mnaitika 'abee', na neno hilo hatukuliweka kwenye maneno ya kukubali. 'Naam' tuliliweka. Kwenye kamusi naam ni ndiyo."

Nyamizi alimtazama. Mtu akikosea kwa kutojua, unaweza kumkalisha chini ukamfundisha. Huyu alikuwa amejua, akaenda nyumbani, akala, akalala, akaamka, akaenda kazini, mwaka mzima.

"Neno moja," akasema. "Mmekaa na neno moja mwaka mzima, na watu wanaitika."

Lwiza alieleza kwa sauti ya chini kwamba alikwisha kuandaa marekebisho, lakini wanasheria waliyazuia. Kulifuta neno hilo hadharani ni kukiri kwamba kila naam iliyomo katika ghala la sauti ina mashaka. Sasa alikuwa ametumwa na ombi. Matroni akubali mbele ya baraza kwamba Mzee Kasanda aliomba dawa mwenyewe na kwamba yeye aliingilia kwa hofu tu. Atapewa onyo, leseni yake itabaki, na jioni hiyo hiyo neno litaondolewa kimya kimya katika kila mashine nchini. Hakuna mzee mwingine atakayekufa.

"Na nikikataa?"

"Ukipinga sauti ya mgonjwa, sheria inaitaka Mamlaka izime mashine zote mpaka uchunguzi uishe. Unajua mna wauguzi wangapi. Unajua wodi zitakuwaje. Sikutishi, Matroni. Nakwambia kitakachotokea. Waliokufa wamekwisha kufa."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Alimwuliza kama yupo wa hospitali hii. Lwiza akainamia viatu vyake, akataja jina la Fundi Ndelwa.

Nyamizi aliomba kuisikia sauti yake, na Lwiza, ambaye pengine alikuwa akingoja mwaka mzima mtu amwombe hivyo, akamsikilizisha. Mashine iliuliza na kutaja jina. Naam. Ikauliza tena. Naam. Kila mara sauti ilizidi kuwa mbali na kila mara ilikuwa na adabu ile ile, mpaka mashine ilipoita na hakuna aliyeitika.

*

Mjane wa Fundi Ndelwa hakuwa mbali. Alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na saratani ilikuwa imekwisha kumla mifupa ya mgongo. Jina lake Bi Siwema. Mashine yake ya Msikivu alikuwa ameifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama watu wanavyofunika redio.

Nyamizi alikwenda kumwona mchana ule bila kusema lililompeleka. Bi Siwema alimwambia kwamba wauguzi wamekonda, kwamba uji wa hospitali unapikwa na mtu mwenye kisirani, na kwamba huyu, akaigonga mashine begani, ndiye peke yake asiyemwambia avumilie. Kisha, kama alivyokuwa akifanya kila mara, akamtaja mumewe.

"Alinikimbia, Matroni. Ndelwa kaunda baiskeli za mji huu wote, hajawahi kuacha moja katikati. Mimi kaniacha katikati. Waliniita wakanisomea: mumeo aliomba dawa, akaomba, akaomba mpaka ikammaliza. Sikumsomea hata khitma ya mwaka. Ningemwombea nini mtu aliyetaka kwenda?"

Nyamizi alimrekebishia mto, akatoka. Kwenye korido alisimama. Kama angekubali ombi la Lwiza, mwanamke yule angebaki na mashine yake na kupata usingizi, naye angekufa akimchukia mtu aliyekuwa akiitika tu. Kama angekataa, angemrudishia mumewe na kumnyang'anya usingizi. Hakuna aliyemwuliza Bi Siwema anataka lipi. Na Mamlaka ndiyo iliyopanga iwe hivyo, kwamba huruma na ukweli visimame pande mbili za mlango, muuguzi achague, halafu lawama iwe yake.

Alirudi ofisini akiwa na hasira.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa hospitali. Mwenyekiti alikuwa Profesa Pazi, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye sauti nzuri na haraka ya kumaliza. Mbele yake, juu ya meza, kilikaa kinasa sauti cha Mamlaka, ambacho kilisikiliza na kutamka kwa ufupi kila jibu lililotolewa ili liingie kwenye kumbukumbu. Ndani yake mlikuwa na sikio lile lile la Msikivu. Hakuna aliyeona sababu ya kutengeneza jingine.

Lwiza alisoma maelezo yake bila kuinua uso. Kisha Mzee Kasanda akaletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa ameomba anyolewe ndevu na avalishwe koti lake la reli, kwa kuwa alikuwa dereva wa treni maisha yake yote ya kazi. Aliposikia jina la mwenyekiti alitabasamu.

"Pazi. Mzaramo huyu," akasema. "Mtani wangu. Ndiyo maana kesi inachelewa, mmeanza na kahawa."

Watu walicheka, na Profesa Pazi mwenyewe akacheka kwa sababu mtani wa kabila hakasirikiwi. Akajirekebisha, akavuta karatasi, na kwa heshima akalisoma swali kama lilivyoandikwa.

"Je, ulikubali kwa hiari yako kuongezewa dawa siku ile, Mzee Kasanda?"

"Naam," akasema Mzee Kasanda.

"Shahidi amekubali," kikatamka kinasa sauti.

Mzee alikuwa ametega kiganja nyuma ya sikio, amejiinamisha mbele. "Naam, mtani, nakusikia," akasema. "Uliza basi."

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kikakatika chenyewe. Profesa Pazi alibaki na karatasi mkononi. Lwiza alifumba macho.

Mzee alitambua kwamba kuna kitu kimetokea, akataka aambiwe hicho kidude kimesema nini. Nyamizi akainama, akamweleza karibu na sikio, polepole: kimesema umekubali kwamba uliomba dawa. Ndivyo na mashine ya wodini ilivyosema. Ndivyo walivyoambiwa watoto wa wenzako.

Uso wa Mzee Kasanda ulibadilika. Hakupandisha sauti, lakini ukumbi mzima ulimsikia.

"Nimeendesha treni kutoka hapa mpaka Kigoma nikiwa kijana. Kituo kikikuita redioni unaitika kwanza. Amri inakuja baadaye. Ukiitika hujasema treni iende. Angekuwapo mtu wa reli anayedhani kuitika ni kuondoa treni, tungekuwa tumewazika abiria wote wa mkoa huu." Akaigeukia meza. "Baba yangu alinifundisha nikiitwa niitike. Kumbe ninyi mmekaa mnaitegea adabu yangu. Mtu aliyelala, hajitambui, mnamwita jina, anaitika kwa heshima, mnamwongezea. Mnamwita tena. Akifa mnasema alijitakia. Mtani, hilo nalo ni utani?"

Profesa Pazi alikigeuza kinasa sauti upande wa ukuta, kama mtu anayegeuza picha, kisha akamwuliza matroni, safari hii bila kusoma popote, kama bado anaipinga sauti ya mgonjwa, akijua kwamba akisema hivyo Mamlaka itabidi izime mashine zote leo.

Nyamizi alisimama. Alisema anapinga. Alisema pia kwamba mashine zilitakiwa kurekebishwa mwaka jana, siku neno lilipojulikana, na kama hilo lingefanyika zisingezimwa leo; kwa hiyo kila mgonjwa atakayelia kuanzia jioni hii asiandikwe kuwa kosa la matroni. Aandikwe kuwa kosa la baraza na la wanasheria wake. Na familia za wote waliosema naam wakafa waitwe tena, waelezwe, kwa mdomo wa mtu, si kwa mashine.

"Leseni yangu mkiitaka iko ofisini," akamalizia. "Lakini nitawaomba mniachie kwa leo. Nina wodi."

*

Mashine zilizimika zote pamoja. Haikupita muda sauti zikaanza, kwanza moja, kisha nyingine upande wa pili wa korido, sauti ambazo wauguzi vijana hawakuwahi kuzisikia katika maisha yao ya kazi. Mmoja wao alisimama katikati ya wodi, asijue aanzie wapi. Nyamizi alimshika bega, akamwambia asiogope kelele, aogope mgonjwa anayenyamaza.

Akawapanga. Kila dozi wauguzi wawili, mmoja anavuta dawa, mwingine anaisoma chupa kwa sauti. Usimwulize mgonjwa kama yeye ni fulani, maana mtu mwenye maumivu au mwenye adabu atakubali jina lolote. Mwambie ataje jina lake mwenyewe. Hesabu pumzi kabla ya sindano, hesabu na baada. Aliyelala fofofo haamshwi ili apewe mofini. Huamshwa ili ujue kama anaamka.

Bi Siwema alikuwa ameuma ncha ya khanga. Alipomwona matroni aliitoa mdomoni ili apate kumtukana.

"Umenizimia," akasema. "Wewe. Wameniambia ni wewe."

"Ni mimi."

"Mungu atakulipa."

Nyamizi alimtaka ataje jina lake, akalitaja kwa hasira, lote, na la baba yake na la babu yake. Muuguzi wa pili akasoma chupa. Nyamizi akahesabu pumzi zake, akachoma sindano, akaketi ukingoni mwa kitanda kungoja ifanye kazi, kwa sababu alichotaka kusema hakisemwi kwa mtu anayeungua.

Mgongo wa Bi Siwema ulipolegea kidogo, alimwambia. Alimwambia habari ya neno, na ya swali lililomalizikia na jina, na kwamba yeye mwenyewe ameisikia sauti ya Fundi Ndelwa, na hakuna mahali popote fundi alipoomba kitu. Alikuwa akiitwa, akiitika. Mara ya mwisho alishindwa.

Bi Siwema aligeukia dirisha.

"Hata akiwa chini ya baiskeli," akasema. "Mikono yote grisi, nati mdomoni. Ukimwita, naam. Ilikuwa inaniudhi. Namwambia, Ndelwa, toa kwanza hiyo nati." Akapangusa uso kwa khanga. "Mwaka mzima sijamwombea."

Kisha alifumba macho. Nyamizi alibaki pale pale. Upande wa pili mtu alikuwa akilia na wauguzi walikuwa wakikimbia. Alikiangalia kifua chembamba kikipanda na kushuka, akahesabu, akahesabu tena. Ilipofika wakati wa kumwangalia, alimgusa mkono.

"Bi Siwema."

"Abee."

"Nimekuita tu," akasema Nyamizi. Alingoja macho yafumbuke, yamtazame, yamjue ni nani. "Sasa nakuuliza. Bado unaumia?"